Madaktari tunao, shida ni malipo

Mwandishi umesema wenye uwezo wanakimbilia India kutibiwa kwa sababu huku kwetu Tanzania madaktari hawajui kazi, mimi niko Moshi na hapo sikubali kabisa. KCMC, hospitali yetu kubwa ya rufaa, iko hapa tangu 1971, inatibu na inafundisha madaktari, watu wanatoka Arusha, Manyara mpaka Singida kuja hapa. Tatizo letu ni hela inadaiwa saa ngapi. Uingereza tangu 1948 matibabu yanalipwa na kodi, mgonjwa akifika haulizwi kwanza ana shilingi ngapi, ila foleni ya oparesheni huko nayo ni miezi na miezi. Thailand hawakuwa matajiri, 2002 wakaweka mpango wa mtu kulipa baht 30 tu, hela ya kwao, anatibiwa. Sasa sisi, mama yangu mdogo mwaka jana aliteleza kwenye migomba akavunjika nyonga, tumefika hospitali moja nesi akanipa kikaratasi, glovu, dripu, sindano, bandeji, kanunue duka la dawa ng'ambo ya barabara, mama analia kwenye machela pale koridoni na mimi nakimbia huku natuma meseji kwa ndugu wachange. Daktari alivyoanza kazi alimhudumia vizuri mno, leo anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Jamani sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023, ifike Rombo, ifike Same, ifike Longido, na mkulima wa kahawa apangiwe kulipa akishauza kahawa, asidaiwe kila mwezi kama mwenye mshahara.