Safari za Linafoot: nani anamkuta mgeni akiwa amechoka?

Huku Lubumbashi malalamiko kuhusu kalenda ya Linafoot, ligi kuu ya soka ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hurudi kila msimu, na wimbo ni uleule: timu za Kinshasa zinabebwa. Vita, Daring na Les Aigles zinacheza sehemu kubwa ya mechi zao za ugenini bila kugusa uwanja wa ndege. Wanapanda basi, wanacheza uwanja wa Martyrs au wa Tata Raphaël, jioni kila mchezaji yuko kwake. Mazembe au Lupopo wa hapa kwetu wakitaka kucheza nao lazima waruke zaidi ya kilomita 1,500. Ukikaa kwenye nganda (baa) yoyote ya mtaa wa Kamalondo wiki ya mechi kubwa, hutakosa mtu wa kukuhesabia dhuluma hizo moja baada ya nyingine, na glasi yake ikiisha anaanza upya.

Hoja ina ukweli. Ila ina kipande ambacho hatupendi kukitaja, nacho kinatuhusu sisi wenyewe.

Tuanze na nchi yenyewe. Kongo ina zaidi ya kilomita za mraba 2,300,000, na kati ya Lubumbashi na Kinshasa hakuna barabara ambayo mtu mwenye akili atawapitisha wachezaji siku tatu kabla ya mechi. Rwanda timu inaondoka asubuhi kwa basi na usiku inalala kwake. Kwetu karibu kila safari kati ya mkoa na mkoa ni tiketi ya ndege, na ndege yenyewe ikichelewa hakuna nyingine ya saa mbili baadaye. Ndiyo maana ligi yetu imekuwa ikiyumba kati ya mifumo miwili. Kuna misimu ya kundi moja, kila timu inakutana na kila timu nyumbani na ugenini, kama 2021-2022 Mazembe ilipotwaa ubingwa. Kuna misimu nchi inagawanywa, timu bora za kila upande zinakutana baadaye kwenye mchujo. Ndivyo tulivyorudi kufanya 2023-2024 kwa makundi mawili. Katikati hapo ulikuwepo msimu wa 2022-2023, ambao haukufika mwisho.

Wapenzi wa kundi moja wanasema bingwa wa kweli ni yule aliyepita kila mahali. Nakubaliana nao, kwenye karatasi. Ligi ya timu 20 ina maana ya mechi 19 za ugenini kwa kila timu, na klabu isiyo na mdhamini wa kueleweka itasafiri mzunguko wa kwanza kwa madeni, mzunguko wa pili itaanza kukosa ndege. Hapo ndipo haki inapoharibika kwa namna isiyoonekana kirahisi kwenye msimamo. Timu iliyokutana na klabu hiyo mwezi wa 10, ikiwa bado na nguvu, ilitoa jasho na pengine ilipata sare. Timu iliyopangiwa kuipokea mwezi wa 4, wakati kasha ni tupu, inapewa pointi tatu za mezani kwa kuwa mgeni hakutokea. Zote zilipangiwa mpinzani mmoja, lakini moja tu ndiyo iliyocheza naye.

Makundi mawili yalikuja kutibu ugonjwa huo. Je, yametibu? Chukua ramani. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 1,570. Kutoka Lubumbashi hadi Goma, miji ambayo kwa akili ya kawaida utaiweka upande mmoja wa mashariki, ni kama 1,120. Umepunguza chini ya theluthi moja ya njia, na ndege bado ni ndege, hoteli bado ni hoteli. Aliyepunguziwa mzigo hasa ni yule ambaye wapinzani wake wanakaa mji mmoja naye.

Sasa, mkuki kwa nguruwe. Lubumbashi nayo ni mji wa namna hiyo. Kamalondo, kwao Mazembe, na Kenya, kwao Lupopo, ni komuni (mitaa) jirani za mji huu. Shabiki wa Mazembe na wa Lupopo wanaweza kutembea kwa miguu kati ya uwanja mmoja na mwingine. Ongeza Don Bosco na Lubumbashi Sport msimu zinapokuwa daraja la kwanza. Ongeza Likasi, kama kilomita 120 za lami, na Kolwezi, kama 300, ambako kuna Blessing na Simba. Msimu wa makundi, timu ya Lubumbashi inaweza kucheza mechi nyingi za ugenini kwa basi lake yenyewe, wachezaji wakasimama Likasi njiani kununua maji na mikate. Hii ndiyo neema ileile tunayowaonea Kinshasa wivu, ila yetu haiimbwi kwenye nganda.

Anayestahili kulalamika yuko Kindu. Iweke klabu ya huko, Maniema Union, kundi la magharibi, itasafiri karibu kilomita 1,200 kwenda Kinshasa. Ipeleke mashariki, itasafiri karibu 1,000 kuja kwetu. Upande wowote utakaomweka, mtu wa Kindu hana dabi na hana Likasi yake. Sanga Balende ya Mbuji-Mayi iko kwenye hali inayofanana na hiyo. Na bado Maniema Union imekuwa ikishika nafasi za juu na kucheza michuano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Wengine hutumia mfano huo kusema kwamba safari si kisingizio. Mimi naona unaonyesha tu kwamba kuna watu wanaofanya kazi mara mbili ili wafike pale ambapo wengine wanafika kwa kazi moja.

Lakini kilomita zenyewe hazinisumbui sana, kwa kuwa hakuna kamati itakayoisogeza Kindu. Kinachonisumbua ni utaratibu wa mechi, kitu ambacho binadamu anakipanga mezani na anaweza kukipanga vizuri au vibaya.

Kwa kuwa tiketi ni ghali, timu za mbali hazisafiri mechi kwa mechi. Zinakuja mara moja, zinacheza mbili au tatu, zinaondoka. Timu ya Kasai ikishuka Luano, uwanja wetu wa ndege, inaweza kukutana na Lupopo Jumatano, Don Bosco Jumapili, kisha Mazembe katikati ya wiki inayofuata. Ukipita karibu na nyumba ya wageni waliyofikia utaitambua ekipe (timu) bila kuuliza: jezi zimeanikwa kwenye kamba uani, namba 4 karibu na namba 11, kwa sababu seti ni moja na lazima ikauke kabla ya mechi inayofuata, mtunza vifaa anabishana na mama wa jikoni juu ya bei ya bukari (ugali) na samaki kwa watu wote hao, siku zote hizo, wachezaji wawili wamekaa kwenye ngazi wakitafuta mtandao wa simu. Mechi ya kwanza vijana hawa wana miguu. Ya pili wanapambana. Ya tatu, beki wa kulia ana kadi, mshambuliaji anachechemea, na benchi ni fupi kwa kuwa klabu ilikata tiketi za wachezaji wachache kadiri ilivyowezekana.

Swali langu kwa wapangaji wa kalenda ni moja: nani amepewa mechi ya tatu? Mwenyeji wa kwanza kumpokea mgeni anakutana na timu. Wa mwisho kumpokea anakutana na watu wanaowaza ndege ya kurudi. Ikitokea mara moja ni bahati. Ikitokea mara nyingi kwa timu ileile, msimu mzima, hiyo ni pointi kadhaa, na ubingwa au nafasi ya CAF imeshawahi kuamuliwa na pointi chache kuliko hizo katika ligi nyingi. Sisemi kuna mtu anayefanya hivyo kwa makusudi. Anayesema hivyo alete ushahidi. Nasema tu kwamba ukipanga bila kuangalia jambo hilo, mara nyingi timu kubwa ndiyo itakayompokea mgeni mwisho, kwa sababu ndiyo yenye mechi za Afrika na ndiyo ambayo tarehe zake zinasogezwa.

Kuna upande wa pili hapa, na kocha yeyote atakuambia. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na uwanja wa Mazembe huko Kamalondo una nyasi bandia. Mgeni kutoka Kinshasa siku ya kwanza anavuta pumzi kwa shida na mpira unamruka. Siku ya nane amezoea vyote viwili. Kwa hiyo mechi ya tatu si lazima iwe rahisi kwa mwenyeji. Naipa hoja hiyo uzito, ila si mkubwa. Mapafu yanazoea ndani ya siku chache, lakini benchi fupi halirefuki.

Dawa yenyewe haihitaji fedha. Mgeni anakuja mjini mara moja kwa msimu, kwa hiyo huwezi kumgeuzia zamu yeye mwenyewe. Unaweza kuwageuzia zamu wenyeji: Lupopo ikimpokea wa Kindu akiwa kwenye mechi ya tatu, basi wa Mbuji-Mayi impokee kwenye ya kwanza, na wa Kinshasa kwenye ya pili. Ipigwe kura mbele ya wawakilishi wa klabu kabla ya msimu, itundikwe, na anayeahirisha mechi yake asipate kurudi kwenye nafasi nzuri zaidi ya ile aliyoiacha.

Kinshasa nao wana lao la kusema, na huku hatulisikii. Timu zao nyingi zinagombea viwanja vilevile. Mechi mbili kwenye nyasi moja siku moja si jambo geni kule, na anayecheza ya kwanza anacheza jua la utosini mbele ya viti vitupu. "Nyumbani" kwa klabu ndogo ya Kinshasa ni uwanja wa wote: ikipambana na Vita, hata kama ndiyo mwenyeji, mashabiki ni wa Vita. Mazembe ina uwanja wake tangu 2011, wa kama watu 18,000, na iliwahi kuwa na ndege zake. Yaani klabu iliyokuwa ikisafiri kwa starehe kuliko zote nchini ni ya kwetu, wala hatukuona kwamba hiyo ni dhuluma. Binafsi sioni kosa mtu kutumia fedha zake kupumzisha wachezaji. Ila tukishakubali hilo, tusiseme umbali unawaonea wote wa Lubumbashi sawasawa. Don Bosco hawajawahi kuwa na ndege.

Viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, ni kesi ngumu zaidi. Mwaka 2024 Mazembe ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikatolewa na Al Ahly. Wakati inacheza huko, mechi zake za hapa zilikuwa zinasubiri, na wapinzani wake walikuwa wanasoma msimamo wasijue wausome vipi. Timu yenye viporo inacheza ikijua hasa inahitaji nini. Hiyo ni faida. Pia inarundikiwa mechi kila baada ya siku tatu. Hiyo ni hasara. Wanaotaka isiahirishiwe chochote wasahau mawazo hayo, kwa sababu nafasi nne ambazo Kongo imekuwa ikipata kwenye michuano ya CAF, mbili kila kombe, zinatokana na matokeo ya klabu hizohizo. Lupopo na Maniema Union zinapocheza Afrika zinakula pia jasho la Mazembe na Vita. Ninachodai ni tarehe: kila mechi inayoahirishwa iahirishwe kwenda siku inayojulikana, si kwenda "baadaye".

Kuhusu ndugu zetu wa Kivu sina hoja ya pande mbili. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, ndege za abiria zikakoma. Dauphin Noir ya Goma au Bukavu Dawa kucheza mechi ya nyumbani mkoa wa mbali, mbele ya watu wasiowajua, ni kucheza msimu mzima ugenini. Kuwashusha daraja kwa matokeo ya namna hiyo, au kwa kushindwa kusafiri, ni kuwahukumu kwa vita. Nafasi zao zitunzwe mpaka watakaporudi uwanja wa Unité na wa Concorde.

Limebaki la saa. Mechi za mwisho za msimu zinatakiwa kuanza pamoja ili asiwepo anayecheza akijua matokeo ya mwenzake. Lakini Kinshasa ikiwa saa tisa na nusu, Lubumbashi ni saa kumi na nusu, na mwezi wa 6 jua letu linazama kabla ya saa kumi na mbili. Mechi itamalizika gizani, na si kila uwanja una taa. Kwa hiyo watakaorudi nyuma ni Kinshasa: waanze saa nane na nusu yao, sisi saa tisa na nusu yetu. Watalalamikia joto, na watakuwa na haki. Mwamuzi asimamishe mchezo mara moja kila kipindi wanywe maji, kanuni zinaruhusu.