Kura 98,000 zilikwenda wapi?

Kila tukitaja barazani kwamba viti vya Bunge vigawanywe kwa uwiano wa kura za vyama, mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, hutua kikombe chake cha kahawa na kuuliza: "Na fomu ya basari nitampelekea nani?"

Si mzaha. Mbunge wa eneo ana ofisi na pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, na ukimkosa ofisini utampata mazishini. Mbunge wa orodha ya chama, anayeingia kwa kura za chama kizima, hana hata mtaa wa kumlaumu.

Lakini tazama Mombasa ya 2022. Kati ya maeneobunge sita, chama cha ODM kilibeba matano. Chama cha UDA kikaambulia Nyali. Mwezi huohuo tukachagua gavana: mgombea wa ODM kura zaidi ya 119,000, wa UDA zaidi ya 98,000. Ukitazama Bunge, utadhani mji huu ni wa chama kimoja. Ukitazama debe la ugavana, karibu mtu kwa mtu. Najua ugavana si ubunge na watu huchanganya kura zao, lakini pengo hili ni kubwa mno kuelezwa na hilo pekee. Na mpiga kura wa ODM asicheke: Uasin Gishu nako ni maeneobunge sita, na yote yalikwenda UDA. Mwenzake wa huko alipanga foleni alfajiri kama yeye, akarudi na wino wa kidole tu.

Lesotho waliyaona makubwa zaidi. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Mji mkuu ukawaka moto, majeshi ya Afrika Kusini yakaingia. Kufikia 2002 walikuwa wameongeza viti 40 vya kusawazisha, vya kufidia vyama vilivyopata viti vichache kuliko kura zao, vile 80 vya maeneo wakaviacha palepale. Kwa mpango huo, mzee wangu fomu yake ina pa kwenda.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni orodha yenyewe. Tunazo tayari, za wabunge 12 wa kuteuliwa, na tunajua majina yanavyopanda na kushuka usiku makao makuu ya chama. Viti hugawiwa kuanzia juu ya orodha; Mpwani akiandikwa namba 31 na watu waliokaa Nairobi, uwiano utatimia na kiti atakikosa vilevile.