Tonge la Kwanza

Nyumba ya marehemu babu iko ukingoni mwa mto Rufiji, juu ya tuta ambalo mto wenyewe umelijenga kwa mchanga wa mafuriko. Mwaka 1968, serikali ilipowahamishia watu wa bondeni kwenye miinuko, babu alihama bila kuibomoa. Kila msimu wa mpunga alirudi kulala humo. Mafuriko yalikuja, yakala udongo wa kuta, yakaacha kiunzi. Nguzo ni za mkoko, zilipandishwa kwa mtumbwi kutoka delta. Mchwa wamemaliza milango na sanduku la nguo. Mkoko wameuonja wakauacha.

Safari hii ukuta wa upande wa mto ulibaki fito tupu, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nikajitolea kuukandika.

Mjomba alinieleza mapema. Fito hufungwa nje na ndani ya nguzo, na wakandikaji huwa wawili: mmoja ndani, mmoja nje. Wanapiga matonge kwa pamoja, mahali pamoja, yakutane katikati yashikane.

"Naam, mjomba," nikasema, huku nikijipiga picha.

Akaingia ndani amalizie chai. Mimi nikaona ananichelewesha. Nikafinyanga tonge kama nazi kubwa, nikavuta mkono nyuma, nikalivurumisha. Pwaa! Halafu kimya. Nikajua limekaa. Nikarusha la pili.

"We! Unakandika ukuta au unanikandika mimi?"

Nikachungulia kwenye fito. Kofia yake ya vito ilikuwa nusu nyeupe, nusu Rufiji. Kikombe bado amekishika wima, kimejaa dongo hadi mdomoni.

"Nisamehe, mjomba."

"Nikusamehe nini? Fito zote hizo, hukupata hata moja!"

Dongo lenyewe halikutoka kwa maji. Nilikuwa nimechimba mfinyanzi mtupu wa kando ya mto, nikauponda saa ileile. Mfinyanzi ule hutaka ndoo mbili za mchanga kwa kila ndoo moja, na mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa, kisha ulale na maji usiku kucha. Ukiwa peke yake hunata kama ubani, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Kufika alasiri, kipande nilichokandika kilikuwa na nyufa za kuingiza kidole. Kofia, iliyotundikwa kwenye kombamoyo, nayo ilikuwa imepasuka vilevile.

Mkazamjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake tulianza upya. Mjomba alichagua kukandika nje. Ndani niliingia mimi, nimevaa ndoo kichwani.