Emuleta Si Pasi ya Kunyooshea Gemu

Kila nikikutana na mtu anayejisifu kwamba kompyuta yake inaendesha gemu za PlayStation 2 kwa emuleta, kwa picha kali ya 4K, najikuta nauliza kimoyomoyo: hivi ni gemu ile ile kweli? Kingo zimenyooka, rangi zinawaka, uso wa mhusika umekuwa laini kama shuka lililopigwa pasi. Sikatai, inapendeza. Lakini mchoraji wa gemu hiyo alikuwa anachorea TV ya kichogo, na alijua fika kwamba TV ile itamfichia mengi.

Naiona emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu ndani ya kompyuta, kama mkalimani. Gemu iliandikwa kwa lugha ya prosesa moja, kompyuta yako inasikia nyingine, na katikati yao kuna programu inayosema, "huyu anamaanisha hivi." Wakalimani wa kwanza walitafsiri agizo kwa agizo, wakawa wanachelewa. PCSX2, emuleta ya PlayStation 2, na Dolphin, ya GameCube na Wii za Nintendo, hutafsiri kipande kizima kwa mara moja na kukiweka akibani, kikirudi tena kazi imeshafanyika. Sasa, mkalimani anayepamba maneno ya mzee mbele ya wageni anaweza kupigiwa makofi, ila mzee mwenyewe hatatambua hotuba yake.

Penye jasho hasa ni kwenye saa, yaani kuoanisha mwendo wa chipu zote. Prosesa ya Super Nintendo, mashine ya gemu ya zamani, haikuzidi 3.58 MHz, ambayo leo tunaweza kuicheka. Pembeni yake kulikuwa na chipu mbili za picha, na chipu ya sauti iliyofuata saa yake yenyewe, zote zikikimbia sambamba na kila moja ikitegemea mwenzake amefika wapi. Emuleta inayotaka uaminifu lazima isimamishe hii, isogeze ile, irudi kwa ya tatu, mamilioni ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana bsnes, emuleta ya Super Nintendo iliyotengenezwa na mtu aliyejali usahihi kupita kiasi, mwaka 2011 ilikuwa inataka kompyuta ya karibu 3 GHz ili kuiga mashine ya 3.58 MHz. Zaidi ya mara mia nane! Wakati huohuo kulikuwa na emuleta nyepesi zilizoendesha gemu hizohizo kwenye kompyuta hoi, kwa kukisia muda na kutiwa viraka kwa ajili ya gemu zinazopendwa. Zisizopendwa zilibaki na vilema vyao, na nani angelalamika?

Basi mtu akiniambia "kompyuta yangu ina nguvu, mbona emuleta inakwama," huwa sina haraka ya kulaumu emuleta. Kwa miaka mingi Dolphin ilikuwa inaganda kidogo kila athari mpya ya picha ilipotokea, mlipuko wa kwanza, maji ya kwanza. GameCube ilikuwa na chipu moja ya picha inayojulikana, hivyo haikuwa na cha kusubiri. Kompyuta ina kadi za kila aina, na kila athari ilibidi itengenezewe programu ndogo ya kadi hiyo hapo hapo. Mwaka 2017 wakaja na dawa: programu moja kubwa inayoiga mtiririko mzima wa chipu ile ndani ya kadi ya picha, ishike zamu wakati ile ndogo inaandaliwa. Kwangu hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia kuliko 4K yoyote.

Turudi kwenye kung'arisha. Katika Sonic the Hedgehog ya 1991, maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari ya wima iliyoachana. Kwenye TV ya zamani, waya wa picha uliichanganya mistari hiyo, ukaona maji yanayopitisha mwanga. Kwenye skrini ya leo, kila pikseli ikiwa kali kama wembe, unaona uzio. Ukali umeongezeka na maji yamepotea.

Au chukua Gradius III ya Super Nintendo, gemu ya chombo cha anga kinachokwepa na kufyatua risasi. Risasi zikijaa, prosesa inalemewa na gemu nzima inatambaa. Ni udhaifu, hakuna ubishi, lakini ndani ya kutambaa huko ndimo mchezaji anapata nafasi ya kuona upenyo. Ongeza kasi ya prosesa kwenye mipangilio ya emuleta, kitu ambacho ni mbofyo mmoja tu, na umetengeneza gemu nyingine iliyo ngumu zaidi. Icheze ukipenda, ila usiniambie umeimaliza ile ya mwanzo.

Kuhusu sheria, watu huchanganya mambo mawili. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba Connectix, kampuni iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, haikukosea kunakili BIOS (programu ya msingi ya mashine) ya PlayStation ili kujifunza inavyofanya kazi na kisha kuandika programu yake yenyewe. Mwaka uliofuata Sony wakainunua programu hiyo na kuizima, ushindi wa ajabu kidogo. Nakala za gemu ni kesi nyingine kabisa, na waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch iliyoshtakiwa kwa kurahisisha wizi wa gemu, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 mwaka 2024. Hata hivyo utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani haziuzwi tena na wenye haki nazo. Mwenye duka akishafunga, nani atunze? Na anayetunza, atunze kitu kilivyo. Hapo ndipo uaminifu unaponihusu.

Kwa hiyo kwangu picha inabaki 4:3, umbo la TV za zamani, kichujio cha TV ya kichogo kimewashwa, na poligoni, vile vipande bapa vinavyojenga picha za 3D, za PlayStation ya kwanza zinaruhusiwa kutetemeka kama zilivyozaliwa. Na ingawa emuleta inaniruhusu kuseva popote, naseva pale tu gemu inaporuhusu. Nilijifunza hilo baada ya kumaliza gemu moja ngumu kwa kuseva kila baada ya hatua tatu. Majina ya kumalizia yalipoanza kupanda nilijihisi kama niliyesoma majibu nyuma ya kitabu. Isipokuwa Gradius III. Pale naseva nitakavyo, na sina haya.