Dirisha la Jinja

Julai 2022 serikali ya Uganda ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, nilifurahi, maana nafundisha baiolojia hapa Jinja na nina watoto wa kusomesha. Lakini tangu hapo kila mkutano wa wazazi ni wimbo mmoja: soma sayansi upate kazi. Kazi ni jambo jema. Ila sikubali kwamba ndiyo inayomfanya mtu akeshe na swali.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya kushoto na kulia, juu na chini. Hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali hapa Jinja, akatazama nje dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Burkitt mwenyewe alikuwa na jicho moja tu, la pili alilipoteza utotoni. Akatoka kumfuata. Tumboni pia kulikuwa na uvimbe.

Wagonjwa wa kupasua hawakumpungukia, na hakuna ambaye angemlaumu kama angerudi kazini kwake. Yeye akaanza kufukua majalada ya zamani na kuwaandikia madaktari wa sehemu nyingi za Afrika, kwa ruzuku ya pauni 25. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia barabarani na gari kuukuu, wiki 10, karibu kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmewaona watoto wa namna hii? Jibu lilifuata mvua na joto; kwenye miinuko ya baridi, hawakuwapo. Mwaka huohuo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, alimsikia akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe, vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 kirusi kikaonekana ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Nimelifikiria sana dirisha lile. Naamini kilichomtoa nje ni uchungu wa kumwona mtoto akiteseka na wewe hujui hata jina la kinachomtesa.

Na uchungu huo haukuja na wageni. Mwaka 1879 Robert Felkin, msafiri Mwingereza, alimshuhudia mganga wa Bunyoro, ufalme wa hapa Uganda, akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyohiyo mganga akanawa mikono na kuosha tumbo. Jeraha lilifungwa kwa misumari 7 ya chuma. Mama na mtoto wakaishi. Ustadi wa namna ile hauzuki siku moja. Lazima kabla yake walikuwapo waliofiwa na dada na wake, wakakataa kusema ni majaliwa tu. Majina yao hatunayo, na hilo linaniuma.

Muhula uliopita binti mmoja wa kidato cha tatu alibaki darasani wenzake walipotoka. Mdogo wake ana selimundu. "Mwalimu, mbona yeye na si mimi? Tumenyonya ziwa moja." Nilimchorea jinsi mzazi anavyorithisha, tukamaliza ubao mzima. Jumatatu akarudi na daftari. Alikuwa amewahoji bibi na shangazi zake wote, akaandika kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo, na pembeni ya majina manne akatia alama ya kuuliza.