Fildi ya wiki 8: darasa na karakana vinapopishana

Nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi mitambo nilikwenda fildi kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Wiki 3 nzima nilifagia karakana na kutumwa chai. Ya 4, fundi mmoja mtu mzima akagusisha ncha ya bisibisi kwenye kasha la beringi ya pampu, mpini akauweka sikioni, kisha akanipisha. "Dogo, unasikia inavyosaga? Hiyo Ijumaa haifiki." Ilikufa Alhamisi.

Wanaotaka masomo yachanganywe na kazi humtaja Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani. Mwaka 1906 alianza na wanafunzi 27, wiki darasani, wiki kiwandani. Kinachosahaulika ni kwamba walipangwa wawiliwawili: mmoja akiwa darasani, mwenzake yuko kwenye mashine, kisha wanabadilishana. Nafasi haikubaki wazi, kwa hiyo kiwanda kilikuwa na sababu ya kuwafundisha na kuwalipa. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, tangu 1957, kimejengwa juu ya zamu kama hizo, siku hizi kwa mihula ya miezi 4.

Sisi Tanzania tuna kitu kinachofanana kwa jina tu. Vyuo vinafunga, wote wanamwagwa mitaani kwa mpigo, na kila mapokezi ya kiwanda yana rundo la barua za utambulisho. Wiki 8. Mbili za kwanza unajifunza geti liko wapi na nani hapendi kusalimiwa asubuhi. Ukianza kuaminiwa na spana, muda umekwisha. Meneja gani atajisumbua?

Hata hivyo, wanaolitetea darasa hawajakosea. Fundi wangu alijua beringi itakufa lini, ila kwa nini pampu ile ilikuwa inazila kila mara, hakujua. Jibu nililikuta mwaka wa 3, kwenye somo la mitambo ya maji: bomba la kuvutia lilikuwa refu na jembamba mno, shinikizo linashuka hadi maji yanatoa viputo vya mvuke, viputo vinapasuka ndani ya pampu na kuitikisa shafti. Kiwanda kinakufundisha mashine yake. Hakina muda wa kukueleza mashine zote. Na zamu ndefu zina gharama. Hesabu zinasahaulika, shahada ya miaka 4 inaweza kuwa 5, na kijana wa Kigoma aliyepata nafasi Tanga atalipa kodi ya chumba kwa fedha ipi?

Wengine husema vitendo vingoje mhitimu aingie SEAP, mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambako anakaa miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu. Mpango mzuri, lakini hapo swali la kiwandani halina tena darasa la kurudi. Mimi nilirudi na sauti ile kichwani, ndiyo maana milinganyo ya mwaka wa 3 iliniingia.

Kwa hiyo ningechukua ule upangaji wa Cincinnati kabla ya kuongeza hata wiki moja: nusu ya darasa iende kazini muhula wa kwanza, nusu wa pili, viwanda visipokee mafuriko kila Julai. Ila kila somo litafundishwa mara mbili kwa mwaka, na wahadhiri ni walewale.