Saa 37 za yai, na mtafiti ambaye Mwanza haijampata

Wengi wanaomtaja Robert Edwards, mwanasayansi Mwingereza aliyebuni njia ya kurutubisha yai la binadamu nje ya mwili, humtaja kwa siku moja, tarehe 25 Julai 1978, alipozaliwa Louise Brown huko Oldham, Uingereza, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa maabara. Mimi huvutiwa zaidi na miaka iliyoitangulia siku hiyo, kwa kuwa naamini humo ndimo lilimo jambo tunalolikosa hapa Mwanza, ambako utafiti wa afya umestawi kwa miongo mingi lakini ovari ya mwanamke haijapata mtu wa kuishughulikia maisha yake yote.

Edwards hakuwa daktari. Alianza na kilimo, akahamia zoolojia, kisha akasomea shahada ya uzamivu Edinburgh akichunguza uzazi wa panya. Alipogeukia mayai ya binadamu alikuta maandishi yanayosema kwamba yai likitolewa kwenye ovari hupevuka ndani ya saa 12, kama la sungura. Alipata vipande vya ovari kutoka kwa Molly Rose, daktari wa magonjwa ya wanawake jijini London, akayaweka mayai kwenye chombo, akayatazama saa hizo zilipotimia, asione badiliko lolote. Vipande hivyo vilipatikana kwa nadra, kwa hiyo kila jaribio lilikuwa la thamani. Hatimaye aliamua kuyaacha yakae zaidi, na ikabainika kwamba yai la binadamu huanza kubadilika baada ya takriban siku nzima, kisha hukamilisha hatua hiyo kwenye saa ya 36 au 37. Matokeo aliyachapisha mwaka 1965, baada ya miaka kadhaa ya kazi ambayo mfadhili wa leo, mwenye kutaka ripoti kila robo mwaka, asingeivumilia.

Mwaka 1969, pamoja na mtafiti mwenzake Barry Bavister na daktari Patrick Steptoe, alitangaza kwamba yai la binadamu limerutubishwa nje ya mwili. Miaka miwili baadaye, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilimnyima fedha, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba kupunguza uzazi kulionekana kuwa jambo la dharura kuliko kutibu ugumba. Hoja hiyo ingali hai hapa kwetu, hata katika mikutano ya wasomi: watu wanaongezeka kwa kasi, ya nini kumtafutia mtoto asiye naye? Anayesema hivyo, nadhani, hajui nyumba ya Kisukuma inavyokuwa pale ng'ombe wa mahari walipokwisha kutolewa na miaka ikapita bila mimba, wakwe wakaanza kumtazama mke peke yake, ilhali mume hajapimwa hata mbegu, kipimo ambacho ni chepesi kuliko vyote.

Kinachonisikitisha ni kwamba tiba ya Edwards, ambayo yai halihitaji kupita kwenye mirija ya uzazi, ilielekezwa kwa tatizo linalotuhusu sana. Lesley Brown, mama yake Louise, alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba, na katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mirija huziba mara nyingi kwa sababu ya maambukizi kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa mapema. Mkoa wa Mwanza ndio uliotoa utafiti mashuhuri wa mwaka 1991 hadi 1994, ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Basi uwezo wa kufanya kazi inayosikika duniani tunao. Tuliishia tu kwenye kuzuia maambukizi, tukawaacha wanawake ambao mirija yao ilikwisha kuharibika.

Ovari ndiyo imesahaulika zaidi. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na 2, hufika balehe akiwa na laki 3 au 4, na yatakayopevuka na kutoka ni takriban 400 tu. Mengine yote hupotea kimyakimya. Kasi ya upotevu huo hutofautiana baina ya wanawake, na dawa za saratani huweza kuiongeza mno. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, hutibu saratani. Ningependa chuo kikuu kilichopo kilimani pale, au kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimpe kijana mmoja maabara na miaka 20, asidaiwe kubadili mada kila mradi wa miaka mitatu unapokwisha. Aanze na maswali ya karibu: wanawake wa visiwa vya Ziwa Victoria na wa wilaya ya Misungwi hukoma hedhi wakiwa na umri gani, na msichana anayeanza dawa za saratani leo huelezwa nini kuhusu mayai yake kabla ya dripu ya kwanza.